Kengele ya Swali la Kumi na Saba

Mimi ndiye niliyeshika kengele.
Kengele ya baiskeli, imefungwa kwenye kipande cha mninga,
sekunde kumi na tano kwa kila swali,
na saa ya mkononi ya kuazima.

Bwalo la chakula, Tabora mjini, Jumamosi.
Mabenchi yamesukumwa ukutani,
harufu ya maharage ya jana haikusukumika.
Kushoto vijana wanne wa mjini, tai zimenyooka.
Kulia Sikonge, watatu tu:
wa nne alipandwa na homa ndani ya basi,
wakamshusha Tutuo kwa shangazi yake.

Mdudu ana miguu mingapi? Sita.
Buibui je? Si mdudu.
Papasi? Si mdudu.
Tandu? Huyo ndiyo kabisa, mheshimiwa.
Ni nani humla mumewe? Vunjajungu,
na walimu wa kike benchi la nyuma
wakagongana viwiko.

Juu ya kichwa cha Bwana Lugusi, msoma maswali,
nyigu alikuwa anajenga.
Anaingia kwa dirisha la tatu na donge la udongo,
anatoka mikono mitupu.
Mara ishirini na mbili nilimhesabu
nilipopaswa kuhesabu sekunde.
Yeye hakuna aliyemuuliza kitu.

Wakaenda bega kwa bega mpaka la kumi na saba:
"Mbung'o jike hutaga mayai mangapi kwa mara moja?"

Akasimama Milembe Kashindye.
Upindo wa sketi yake ulishafumuliwa mara mbili,
mistari ya rangi ya zamani imebaki,
unaweza kusoma miaka aliyorefuka.
"Hatagi."
"Sikiliza swali, binti. Mangapi?"
"Hatagi hata moja. Anazaa.
Mtoto mmoja, mweupe, mnene karibu sawa na mama,
ana vinundu viwili vyeusi mkiani.
Anamlea tumboni, anampa maziwa humo humo.
Akitoka, mtoto anajichimbia mchangani,
anajifunga ngozi ngumu kama kokwa, anasubiri."

Bwalo likavunjika mbavu.
Maziwa! Nzi!
Mtu akalia kama ndama, wakacheka upya.

Bwana Lugusi akatazama karatasi.
Karatasi ilisema thelathini.
Akanitazama mimi.

Na mimi nilikuwa najua.
Baba yangu alishona mitego ya kitambaa, buluu na nyeusi,
akaitundika pembezoni mwa pori la Ugalla miaka tisa.
Siku moja alirudi na chupa ya jamu,
tukabanana kuichungulia,
na yule mdudu akajifungua mbele yetu, juu ya meza ya ugali.
Mama akasema: haya, ondokeni, mwacheni mzazi apumzike.

Nilikuwa najua,
na kidole kikafanya kilichotumwa na macho ya mkubwa.
Krriiing.

Swali likahamia kushoto.
Vijana wakanong'onezana, wakabahatisha: ishirini na tano?
Wakapewa nusu alama kwa kukaribia.
Kukaribia nini, sijui mpaka leo.

Kwa nusu hiyo wakashinda.
Kamusi mbili, na debe la asali,
asali ya Sikonge, lebo imeandikwa kwa mkono.
Milembe aliitazama ikipita
kama mtu anayemwona jirani yake kwenye stendi ya ugenini.

Hakulia. Alikuja mezani kwangu wakati wengine wanapiga picha.
"Mwalimu, muda ulikuwa umeisha kweli?"
Ningeweza kusema ndiyo. Saa ilikuwa ya kuazima.
"Zilibaki sekunde sita."
"Sita," akasema,
kwa sauti ile ile aliyojibia swali la kwanza,
akaenda kumtafutia mwenzao panadol.

Nyigu alikuwa amemaliza, ameziba na mlango.

Jumatatu nilimwandikia Bwana Lugusi barua,
kurasa mbili, na mchoro.
Ipo kwenye droo.
Nimeikandamiza kwa kengele.